Mkia kwanza, kikombe baadaye: kisa cha kipulizio cha susafoni moja ya Mombasa

Susafoni ya kisa hiki, yaani tuba inayomzunguka mpulizaji mwilini na kukaa begani, ni ya B♭, ina pistoni tatu, na ni mali ya bendi ya Kisiwani inayopiga kwenye harusi, misafara ya Maulidi na gwaride za shule. Ilinunuliwa ikiwa imeshatumika, bila kipulizio chake cha asili. Kipulizio, yaani kile kikombe cha shaba chenye mkia ambacho mpulizaji hubandika midomo, kiliazimwa kutoka kwenye tuba kuukuu ya E♭. Kwa kuwa mkia wake ulikuwa unacheza, ulizungushiwa tepu nyeupe ya mafundi wa mabomba, na bendi ikaendelea kupiga hivyo hivyo.

Malalamiko yalikuwa matatu. B♭1, sauti ya chini inayobeba wimbo mzima, ilitoka na upepo mwingi kuliko mlio na ikachelewa kuitika, hata ngoma kuu ikawa inatangulia. Sauti za juu, hasa F3, zilikuwa kali, yaani zilipanda juu ya kipimo, na ukali wenyewe haukutabirika: leo zaidi, kesho kidogo. La tatu, mpulizaji alichoka mapema, midomo ikiuma upande mmoja.

Hukumu ya wengi ilikuwa kwamba kikombe ni kidogo. Hukumu hiyo ilikuwa na nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo iliyopoteza muda na shaba.

Dawa ya kwanza na kwa nini ilishindwa

Mkereza wa Shimanzi aliombwa atoe kipulizio kipya kama kile cha kuazimwa, ila kikubwa. Alifanya alichoambiwa. Kikombe cha zamani kilikuwa na kipenyo cha ndani cha mm 31 na kina cha mm 28. Kipya kikawa mm 32.5 kwa mm 42. Koo, lile tundu jembamba chini ya kikombe, lilipanuliwa kutoka mm 7.8 hadi mm 9 ili "hewa ipite". Mkia ulinakiliwa vilevile, kwa kuwa hakuna aliyeulalamikia.

Matokeo: F3 iliyokuwa inapanda sasa ikashuka, hewa ikaisha kabla ya sentensi ya wimbo, na B♭1 bado ilitoka na upepo. Mambo mawili yalikuwa yamebadilishwa kwa pamoja, nayo yakafichana. Kikombe kikiongezeka ujazo, mlio wa asili wa kipulizio hushuka. Koo likipanuliwa, mlio huo hupanda. Ukipiga hesabu, ongezeko la kikombe peke yake lingeushusha kwa kama asilimia 23, na upanuzi wa koo peke yake ungeupandisha kwa kama asilimia 15. Kwa pamoja ulishuka asilimia 11 au 12 tu. Anayesikiliza tofauti hiyo ndogo hawezi kujua ni kipi kilichofanya nini, na akisahihisha kimoja atashangaa kuona kingine kimezidi.

Mlio wa asili wa kipulizio ni rahisi kuusikia. Shika kipulizio, acha ncha ya mkia wazi, kisha piga ukingo kwa kiganja kilicho bapa. Utasikia "po". Programu ya simu inayoonyesha masafa ya sauti itakupa hezi zake. Kanuni yake ni ile ya chupa inayopulizwa mdomoni: masafa hupanda kwa kipeuo cha pili cha eneo la koo na kushuka kwa kipeuo cha pili cha ujazo wa kikombe. Mwanafizikia Arthur Benade alieleza kwamba ala huona kipulizio kama kipande cha bomba ambacho huzidi kuwa kirefu kadiri sauti inavyopanda. Kwa sauti za chini sana, kinachohesabika ni ujazo wake tu. Kwa sauti zinazokaribia ule "po", kipulizio hujifanya kirefu zaidi kuliko ujazo wake unavyoonyesha. Ndiyo maana kikombe kisichotosha huacha sauti za juu zikiwa kali huku za chini zikiwa sawa, na kikombe kilichozidi huzilegeza za juu kwanza.

Kupima kipokeo

Kazi ilirudi mwanzo, safari hii kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia vipenyo. Kabla ya kugusa kipulizio chochote, ala yenyewe ilikaguliwa kama inavuja. Ukichomoa kwa haraka kila kipande cha kutuni, yaani bomba fupi linalovutwa ili kulinganisha sauti, bila kubonyeza pistoni yake, unapaswa kusikia mpasuko wa hewa. Kisiposikika, hewa inatoroka. Shingo ya susafoni na vile vipande viwili vifupi vya kuipinda ni mahali pa kutilia shaka siku zote, kwa sababu hukazwa na kulegezwa kila mara. Hapa vilikuwa salama baada ya kusafishwa na kupakwa grisi.

Kipokeo, yaani tundu ambamo mkia huingia, kilipimwa mdomoni pande mbili zinazokatana. Upande mmoja ulitoa mm 14.3 na mwingine mm 14.0. Susafoni iliwahi kuanguka au kugongwa, na tundu likawa yai. Halikufanyiwa haraka: mkereza alikereza kijiti cha chuma chenye tepa (kupungua unene kuelekea ncha) ya 1 kwa 20, akakipaka mafuta, akakiingiza polepole huku akigonga kipokeo kwa nyundo ya mbao kuzunguka pande zote, mpaka pande zote mbili zikasoma mm 14.3. Anayefanya kazi hii kwa koleo atapasua mshono wa bomba.

Kupima kina cha ndani kulifanyika kwa kijiti cha mbao chenye tepa ileile, kimepakwa chaki. Kikiingizwa na kuzungushwa, chaki hufutika pale kinapogusa. Ilionekana kipokeo kina kina cha mm 26 kabla ya kufikia ngazi ya bomba la kwanza, na tepa yake ni 1 kwa 20 kweli.

Hapo hesabu inakuwa nyepesi. Tepa ya 1 kwa 20 maana yake kila mm 20 za urefu kipenyo hubadilika mm 1. Mkia wa kuazimwa ulikuwa na ncha ya mm 12.6. Ili ukae sawasawa kwenye kipokeo cha mm 14.3 ungehitaji kuingia mm 34, lakini nafasi iliyopo ni mm 26. Kwa hiyo ncha ilikuwa inagonga ukuta wa ndani kabla mkia haujabana popote. Pale chini kipokeo kina kipenyo cha mm 13.0, kwa hiyo kulibaki uwazi wa mm 0.2 kila upande, na tepu ndiyo iliyokuwa inaziba. Tena tepu ilizungushwa mpaka kwenye ncha, na nyuzi zake zililegea zikaning'inia ndani ya njia ya hewa. Zikitikisika hutoa mtetemo mdogo ambao wengi huulaumu kwenye pistoni.

Kuchoka midomo upande mmoja kulipata maelezo yake hapohapo: kipulizio kilikuwa kinainama kadiri susafoni inavyotikisika begani, na mpulizaji alikuwa anakibana kwa mdomo ili kisizunguke.

Mikia ya tuba haikuwahi kuwa na kipimo kimoja duniani, na hilo ndilo tatizo la yeyote anayeokoteza ala kutoka makontena mbalimbali. Tuba ilipata hataza Berlin mwaka 1835. Susafoni ilianzia Marekani katika miaka ya 1890. Watengenezaji wa kila nchi walibaki na desturi yao. Mkia mwembamba wa Uingereza, ulio wa kawaida kwenye tuba za zamani za E♭, una ncha ya karibu mm 12.5. Wa Marekani huwa kati ya mm 13.2 na 13.5. Wa Ulaya bara hukaribia mm 14. Huutambui kwa macho mpaka upime. Mwambao huu una shaba za kupulizwa zilizotangulia zote hizo, na zisizo na taabu hii: siwa ya shaba ya Lamu hupulizwa kwa tundu lililotobolewa ubavuni mwake, hakuna kitu cha kubadilisha.

Mkia mpya ulipangwa hivi: ncha iingie mm 22 na kuacha pengo la mm 4 kabla ya bomba la kwanza. Kipenyo cha ncha kikawa 14.3 kutoa (22 ÷ 20), yaani mm 13.2. Unene wa ukuta kwenye ncha uliachwa mm 0.9, tundu la ndani likiwa mm 11.4. Ncha nene huacha ngazi kubwa ndani ya njia ya hewa. Ncha nyembamba mno hupindika mara ya kwanza kipulizio kinapoanguka.

Wapo watakaodhani mm 4 hizo ndizo zilizoleta sauti kwenye mstari. Sivyo. Susafoni ya B♭ ina bomba la takriban mita 5.5, mm 4 ndani yake ni kama senti 1, na senti 100 ndizo zinazofanya nusu sauti. Pengo lina kazi nyingine: linabadilisha jinsi ala inavyoitika, na kila mpulizaji ana lake analolipenda. Faida kubwa ya mkia ulio sahihi ni kwamba hauvuji wala hauchezi, na bila hivyo hakuna kipimo cha kikombe kinachoaminika. Hilo lilithibitika kwa namba. Kwa mkia wa kuazimwa, F3 ilisoma kati ya +20 na +38 senti kutegemea jinsi mpulizaji alivyoegemea. Kikombe kilekile cha ukubwa wa zamani, kikiwa kimefungwa kwenye mkia mpya, kilisoma +22 na kubaki hapo. B♭1 iliacha kutoa upepo siku hiyohiyo. Ukali wa F3 ulibaki, na huo sasa ulikuwa wa kikombe kweli.

Kipulizio cha vipande vitatu

Kujaribu kwa kukereza vipulizio vizima ni kupoteza shaba. Kilitengenezwa kipulizio cha kufunguka: ukingo, kikombe na mkia, kila kimoja peke yake.

Ukingo ulikerezwa wenye kipenyo cha nje cha mm 48 na cha ndani mm 32.5. Chini yake una hesi ya M40 (kipenyo mm 40) yenye hatua ya mm 1, urefu mm 5, inayoingia kwenye kikombe. Mahali ukingo unapokutana na kikombe kwa ndani pasiachwe hata ngazi ya kucha. Ngazi ya mm 0.2 hapo huhisiwa na ulimi na huvuruga mwanzo wa sauti. Kikombe na mkia huungana kwa hesi ya M16 ya hatua ya mm 1, pale njia ilipofikia kipenyo cha mm 9, na koo lenyewe liko kwenye kipande cha mkia. Kwa mpangilio huu unaweza kubadilisha koo bila kugusa kikombe, na kikombe bila kugusa mkia. Maungo yote hupakwa grisi kidogo, kisha ncha huzibwa kwa kidole na kipulizio kikavutwa hewa kwa mdomo: kikishikilia mdomo kwa sekunde kadhaa, hakivuji.

Shaba iliyotumika ni shaba njano ya nondo, kipenyo mm 50 kwa ukingo na kikombe, mm 20 kwa mkia. Bushi za meli zinazopatikana kwa wauza vyuma chakavu zinavutia kwa bei, lakini baadhi ni shaba yenye alumini: ngumu, hula visu na huacha uso wenye mikwaruzo. Shaba njano ya kukerezwa huwa na risasi kidogo ili ikatike vizuri, na kwa sababu hiyo kipulizio cha kudumu hufaa kuchovywa fedha, au angalau ukingo uwe wa kitu kingine. Hilo litarudiwa.

Kasi ya mizunguko 450 hadi 500 kwa dakika inatosha kwa nondo ya mm 50. Kisu kiwe bapa juu, bila mwinamo, kwani kisu cha chuma cha kawaida hudaka shaba na kuivuta. Kikombe huanza kwa kutobolewa ngazi ngazi: biti ya mm 8 mpaka mwisho, kisha mm 16, kisha mm 24 kwa kina kinachopungua. Umbo la mwisho hukwanguliwa kwa bamba la chuma la mm 3 lililopigwa tupa kufuata mchoro wa nusu ya kikombe. Hapa mashine ipunguzwe mpaka mizunguko 80 au 100. Ukikwangua kwa kasi ya kukereza, bamba hutetemeka na kuacha mawimbi ndani ya kikombe, nayo hayatoki kwa msasa bila kuharibu umbo.

Njia ya nyuma, kutoka koo hadi ncha, hupanuka kutoka mm 8 hadi mm 11.4 kwa urefu wa mm 45. Haitobolewi kwa biti za ngazi, maana ngazi zitabaki. Mkereza alitengeneza biti yake mwenyewe: kijiti cha chuma cha zana kilichokerezwa tepa hiyo, kikapigwa tupa mpaka nusu yake, kikapashwa moto mpaka kikawa chekundu kinachong'aa, kikazimwa, kisha kikapashwa tena taratibu mpaka rangi ya majani makavu ili kisivunjike. Biti kama hiyo husafisha njia nzima mara moja, ikitolewa kila baada ya mm 2 au 3 ili kuondoa machicha ya shaba.

Kikombe: kina si ujazo

Vikombe viwili vipya vilitengenezwa kwa kipenyo kilekile cha mm 32.5. Kipenyo hiki ni cha katikati kwa tuba. Kwenye orodha ya mtengenezaji Bach, kwa mfano, namba 24AW ni mm 31.25 na namba 18 ni mm 32.6. Kikombe A kina umbo la bakuli, kina mm 34. Kikombe B ni faneli yenye mbavu zilizonyooka, kina mm 38. Umbo la faneli lilipata jina kupitia August Helleberg, aliyepiga tuba katika bendi ya Mmarekani John Philip Sousa, na hadi leo wapiga tuba huliita kwa jina lake.

Watu wengi hudhani B ni kikubwa kwa kuwa ni kirefu zaidi. Ziba koo kwa nta, mimina maji kwa sindano ya hospitali yenye alama za mililita, na utaona: A hubeba ml 16.4, B ml 13.7. Kile cha kuazimwa kilibeba ml 12.3, na kile cha dawa ya kwanza karibu ml 21. Sindano na nta ni vifaa vya bei ndogo kuliko vyote katika kazi hii, na ndivyo vilivyotoa jibu lililokuwa likitafutwa kwa masikio.

Majaribio yalifanywa kwa saa moja ya siku, kivulini, kwa sababu joto likipanda digrii 1 ala hupanda kwa takriban senti 3. Kipimo cha asubuhi kwa digrii 26 na cha alasiri kwa digrii 32 hutofautiana kwa karibu senti 18 bila kipulizio kuhusika. Mpulizaji alipewa vipulizio bila kuambiwa kipi ni kipi, ukingo ukiwa uleule. Hakuangalia tuna, yaani kifaa kinachoonyesha sauti imepanda au kushuka kiasi gani, mwingine alisoma. Anayeangalia mshale wa tuna huirekebisha sauti kwa midomo bila kujijua.

Kwa koo la mm 8.0, F3 ilisoma +3 kwa A na +15 kwa B. Kile cha dawa ya kwanza, ambacho kilipimwa kwa mkia wake mlegevu, kiliyumba kati ya −5 na −22. F3 ni sauti ya sita katika mfululizo wa asili (sauti ambazo bomba hutoa bila kubonyeza pistoni), nayo iko +2 senti juu ya kipimo cha piano, kwa hiyo A ilikuwa imefika ilipotakiwa. D3 ilibaki chini kwa karibu senti 14 kwa vikombe vyote, na hapo hapana cha kukereza: sauti ya tano ya asili iko hivyo kwenye kila bomba. Mpulizaji huipiga kwa pistoni ya 1 na ya 2 pamoja, ambapo inakuwa sauti ya sita ya bomba refu zaidi.

Kwa sauti yenyewe, B ilikuwa tamu zaidi ndani ya chumba: nene, mviringo, bila mkwaruzo. Barabarani ilimezwa. Ngoma na zumari zikianza, mwanzo wa kila sauti ya B haukusikika, na susafoni ni ala ambayo watu huihesabu kwa mwanzo wa sauti. A ilipenya. Ushindani wa beni za Mombasa za zamani, Kingi na Skochi, ulikuwa wa barabarani, na bendi za leo bado hupigia watu wanaotembea. Kipulizio cha ukumbini kichaguliwe kwa ajili ya ukumbi.

Koo lilijaribiwa kwa kikombe A, kuanzia mm 7.6 na kupanda kwa mm 0.2. Anza padogo siku zote, kwani tundu hupanuliwa, halirudishwi. Kwa mm 7.6 sauti za juu zilishika vizuri lakini B♭1 ilibanwa ikipigwa kwa nguvu. Kwa mm 8.2 B♭1 ilifunguka, hewa ikaongezeka, na F3 ikaanza kuteleza mpulizaji akichoka. Tofauti ya 7.8 na 8.2 inaonekana ndogo kwenye kalipa, lakini eneo la tundu huongezeka kwa zaidi ya asilimia 10. Walisimama kwenye mm 8.0.

Ukingo na jasho la pwani

Ukingo hauhusiki sana na kutuni, ila ndio unaoamua kama mpulizaji atamaliza msafara. Sehemu yake ya juu kabisa iliwekwa karibu asilimia 40 ya upana kutoka ndani. Makali ya ndani yalizungushwa kwa nusu duara ya karibu mm 1: yakiwa makali zaidi huchora duara mdomoni, yakilainishwa zaidi mwanzo wa sauti hupoteza ukataji wake. Upana wa mm 7.75 ulifaa kwa kutembea. Mpiga tuba wa kukaa angeweza kuutaka mwembamba, apate wepesi wa kuruka kutoka sauti moja kwenda nyingine.

Shaba tupu huteleza jasho likianza, na katika unyevu wa Mombasa hubadilika rangi kwa muda mfupi. Ukingo wa plastiki ngumu ulijaribiwa, na hapa majina ya dukani yanachanganya: vipande vyeupe vinavyouzwa kama "nailoni" kwa kutengenezea bushi vinaweza kuwa nailoni au asetali. Nailoni hunywa maji na kuvimba. Hesi iliyokuwa inaingia vizuri itakwama. Asetali hunywa kidogo sana. Kitoe chembe na ukiweke kwenye moto mdogo nje, penye upepo: asetali huwaka kwa mwali wa buluu usioonekana vizuri na kutoa harufu kali ya formalini, usiinusie karibu. Ukingo wa asetali haukuhitaji fedha, haukuwa moto juani, na mpulizaji aliukubali mara moja.

Mashine ya kuchapa ya 3D ilitumika kwa vikombe vya majaribio tu, ikiwa na kasoro zake. PLA, plastiki ya kawaida ya mashine hiyo, hulegea kwenye karibu digrii 60, joto ambalo gari lililofungwa juani hulifikia sehemu zake. PETG, plastiki nyingine ya kuchapia, huhimili mpaka karibu 80. Tabaka za mm 0.12, kuta nne, ujazo kamili, ukingo juu. Kipulizio kizima hutumia kama gramu 40 hadi 45. Matundu hutoka membamba kuliko mchoro, kwa hiyo koo la mm 8 lilichorwa hivyohivyo na kusafishwa kwa biti ya mm 8 kwa mkono. Mifereji ya tabaka hukaa mate, kwa hiyo kikombe cha plastiki kilichochapwa hakifai kudumu mdomoni bila kupakwa resini iliyokauka kikamilifu. Mpingo wa wachongaji wa Changamwe ungefaa kwa ukingo, na vumbi lake huwapa baadhi ya watu vipele, kwa hiyo barakoa ni lazima wakati wa kukereza.

Kipulizio kilichobaki kwenye susafoni ni ukingo wa asetali, kikombe A cha shaba, koo mm 8.0, mkia wa ncha ya mm 13.2. Mkia ulipofika, uliingia mm 21 tu badala ya 22, mm 0.05 za kipenyo ziliondolewa kwa msasa namba 400 uliozungushwa kwa mashine, nao ukaingia mm 1 zaidi. Kanuni hiyo inafaa kukumbukwa na mkereza yeyote: kwa tepa hii, mm 0.1 ya kipenyo ni mm 2 za kina, kwa hiyo msasa mmoja uliozidi huharibu mkia mzima.

Kusafisha ni kwa maji ya uvuguvugu, sabuni na brashi ya chupa, kila wiki wakati wa msimu. Ndimu na chumvi hung'arisha shaba, lakini isiachwe ndani kwa zaidi ya dakika moja mbili: asidi hutoa zinki na kuacha mabaka ya waridi ambayo ni shaba iliyooza. Mkia usiingizwe kwa kupigwa kiganja juu ya kikombe. Ukikwama, weka barafu ndani ya mkia, pasha kipokeo kwa kitambaa cha moto, kisha gonga kuzunguka kwa mbao. Koleo na kuzungusha kwa nguvu hung'oa bomba la kwanza kutoka kwenye mshono wake. Kikombe B kimewekwa kwenye kisanduku pamoja na ufunguo wa hesi, kwa siku bendi inapoitwa kupiga ndani ya ukumbi.